Chuma cha mimea ya tangi kwenye maji ya chokaa

Majani machanga ya mimea ya tangi yakigeuka manjano, ushauri wa kwanza utakaopewa, uwe Malindi au Lamu, ni "tia chuma". Unatia. Wiki mbili baadaye majani ni yale yale, kioo kimeota utando wa kahawia, na sponji ya filta ukiikamua inatoa tope jekundu. Chuma umetia kweli, ila mmea haujakipata. Haya ni maelezo kwa mwenye tangi la maji baridi anayetumia maji yetu ya pwani, kwa sababu maelekezo mengi ya mbolea ya chuma yameandikwa na watu wenye maji laini, na yakifika huku yanagonga mwamba wa matumbawe.

Tuanze na maji yenyewe. Mji wa Lamu unategemea visima vya Shela, chini ya vilima vya mchanga. Malindi inaletewa maji ya Baricho, kando ya Mto Sabaki, yakiwa yametiwa klorini, na nyumba nyingi zina kisima cha uani kilichopasuliwa kwenye jiwe la matumbawe. Jiwe hilo ni chokaa. Maji yakikaa ndani yake yanayeyusha kalisi na kaboneti, ndiyo maana sufuria ya kuchemshia maji inaota ukoko mweupe. Ukiyatia tangini na pampu ya hewa ikapiga siku moja, pH yake (kipimo cha asidi: 7 ni katikati, chini ya hapo maji ni ya asidi, juu ya hapo si ya asidi) mara nyingi inatulia kati ya 7.5 na 8.3.

Sasa tazama kinachotokea chuma kikiingia humo. Chuma ambacho mmea unakinyonya kwa urahisi ni kile kilichoyeyuka, ambacho wanakemia wanakiandika Fe2+. Kwenye maji yenye oksijeni, Fe2+ inageuka Fe3+, na Fe3+ kwenye pH ya 7 kwenda juu inashikana na maji kuwa kutu. Kasi yake inategemea sana pH: kila pH inapopanda kwa 1, mgeuko unakwenda kasi kama mara 100 zaidi. Kwenye maji ya pH 6 chuma kinaweza kudumu kwa saa nyingi. Kwenye pH 8 na joto letu, zinatosha dakika chache. Baada ya hapo una vumbi la kutu linaloelea, linalotua kwenye majani na kukamatwa na filta. Fosfati nayo, kirutubisho kingine cha mmea, ikikutana na chuma kilicho uchi hivyo inashikana nacho, na vyote viwili vinatua chini kama mashapo.

Kwa hiyo wale wanaotupa msumari wenye kutu ndani ya tangi wapumzike. Kutu tayari ni kile chuma kilichokwisha haribika, na kwenye maji ya chokaa hakiyeyuki tena. Msumari ukiwa wa mabati ni balaa jingine, kwa sababu umepakwa zinki, na zinki inaua konokono na kamba wadogo kabla hata ya samaki kuonyesha dalili. Vidonge vya chuma vya akina mama wajawazito navyo vinapendekezwa sana. Kidonge kimoja cha zile za kliniki kina miligramu 60 za chuma pamoja na asidi ya foliki. Kwenye tangi la lita 100 hiyo ni miligramu 0.6 kwa lita kwa mkupuo mmoja, mara sita ya dozi ya kawaida, na ni chuma kisicho na kinga yoyote. Utapata maji ya rangi ya chai ya mkandaa na mmea utabaki na njaa. Waachieni akina mama vidonge vyao.

Kileti, na kwa nini herufi za kwenye lebo ni muhimu

Kinga ya chuma inaitwa kileti. Ni kemikali inayokizunguka chuma na kukishika, kama kaa anavyoshika chambo kwa magando yote, ili oksijeni na fosfati zisikifikie. Mmea ukikaribia, unakinyonya chuma kidogo kidogo. Ila vileti havilingani nguvu. Lebo ikisema tu "chelated iron" bado hujajua kitu, mpaka uone herufi zinazofuata.

EDTA ndiyo rahisi na ndiyo iliyojaa madukani. Inashika chuma vizuri hadi pH ya 6.5 hivi. Ikivuka hapo, kalisi iliyojaa kwenye maji yetu inamsukuma chuma nje na kukaa mahali pake, na chuma kinaanguka kuwa kutu. Kwa maji ya kisima cha matumbawe, EDTA peke yake ni hela zinazozama chini ya mchanga.

DTPA inavumilia hadi 7.5 hivi, na ukiitia kidogo kidogo mara nyingi inafanya kazi hata kwenye 7.8, kwa sababu haianguki yote kwa saa moja. Hii ndiyo ningependekeza kwa matangi mengi ya Malindi.

EDDHA haitikiswi na chokaa. Inashika chuma hata pH ikivuka 9, na wakulima wa michungwa wenye udongo wa chokaa duniani kote wanaijua. Kasoro yake ni rangi: punje zake ni nyekundu iliyoiva hadi kukaribia weusi, na zikizidi kidogo maji yanageuka waridi. Samaki hawadhuriki na rangi hiyo, lakini tangi linafanana na bilauri ya sharubati. Kwenye lebo nzuri ya EDDHA utakuta asilimia mbili, mathalan chuma 6%, na ya pili ndogo yenye alama "o-o". Hiyo ya pili ndiyo sehemu inayoshika kwa nguvu kweli kweli, basi kati ya pakiti mbili chukua yenye "o-o" kubwa.

Kuna pia glukonati ya chuma, ambayo inauzwa kwenye chupa ndogo za mbolea za akwaria. Mmea unaipenda kwa sababu haina kazi ya kuibandua. Tatizo ni kwamba haidumu: kwenye maji yetu hesabu saa chache tu, na bakteria nao wanaila glukonati yenyewe kama chakula. Kwa joto la nyuzi 28 au 29 la sebule ya Malindi mwezi wa Februari, wanaila mbio. Ukiitumia, tia dozi ndogo kila siku asubuhi kabla taa haijawashwa. Ukitia ya wiki nzima kwa siku moja utaamka na maji yenye ukungu mweupe, na samaki wakihema juu, maana bakteria waliozaliana usiku wamekula na oksijeni pia.

Madukani, anza na maduka ya pembejeo. Uliza chuma cha kunyunyizia majani ya miembe au michungwa, kisha usome lebo mwenyewe badala ya kumwuliza muuzaji "hii ni ya chuma?", kwa sababu atakujibu ndiyo. Unatafuta maneno Fe, asilimia, na EDTA, DTPA au EDDHA. Kwa kawaida Fe-EDTA huwa na chuma 13%, Fe-DTPA 11%, Fe-EDDHA 6%. Fuwele za kijani hafifu zinazofanana na chumvi ya mawe ni salfeti ya chuma, 20% chuma, rahisi mno, na kwa tangi haifai. Ukikosa DTPA dukani, wauzaji wa vifaa vya kilimo cha maji bila udongo walioko Nairobi huwa nayo, na kifurushi cha gramu 100 kinapanda basi hadi Mokowe na kuvuka kwa mashua bila taabu.

Kuchanganya chupa ya dozi

Lengo ni kupata maji ya dozi ambayo mililita 1 ina miligramu 1 ya chuma. Ukishafika hapo, hesabu zote zinakuwa za kichwani: mililita 1 kwenye lita 10 za tangi inaongeza miligramu 0.1 kwa lita.

Kwa lita moja ya maji ya dozi unahitaji gramu 7.7 za EDTA ya 13%, au gramu 9.1 za DTPA ya 11%, au gramu 16.7 za EDDHA ya 6%. Asilimia ya lebo yako ikiwa tofauti, gawanya 100 kwa asilimia hiyo na utapata gramu za lita moja. Mizani ya jikoni haifai kwa uzito huu, inadanganya kwa gramu moja au mbili. Mizani ya sonara inafaa kabisa, na sonara wa mtaani atakupimia gramu tisa za unga wako kwa dakika moja. Usipopata mizani, tumia njia ya kugawa: mwaga pakiti ya gramu 100 kwenye karatasi safi, igawe mafungu mawili yanayolingana, fungu moja ligawe tena, hadi ufike 50, 25, 12.5, 6.25. Fungu hilo la mwisho likiwa la DTPA lina karibu miligramu 690 za chuma, basi liyeyushe kwenye mililita 690 za maji. Kosa la asilimia kumi hapa halitaumiza kitu.

Maji ya kuyeyushia yasiwe ya kisimani. Nunua maji yaliyosafishwa ya betri (yale yasiyo na asidi) au tumia maji ya mvua yaliyochujwa. Yachemshe, yaache yapoe hadi uvuguvugu, tia unga, tikisa hadi punje zote ziishe. Kwa kila nusu lita ongeza nusu gramu ya vitamini C ya unga, ambayo inashusha pH ya chupa na kuzuia chuma kuoza, na kama unaweza kupata potasiamu sobati, kihifadhi kile cha sharubati, weka gramu 0.2 ili ukungu usiote. Usichanganye mbolea ya fosfati kwenye chupa hiyo hiyo kwa hali yoyote.

Chupa iwe ya kahawia, kama za dawa ya kikohozi. Mwanga unavunja EDTA na DTPA, na chupa angavu iliyokaa dirishani inaisha nguvu kabla ya kuisha maji. Unga uliobaki ufunge vizuri na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu. Hewa ya chumvi ya Lamu inaugeuza unga kuwa bonge gumu kwa msimu mmoja wa masika.

Dozi

Kwanza jua tangi lako lina lita ngapi hasa. Urefu mara upana mara kimo cha maji, kwa sentimita, gawanya kwa 1000. Tangi la 80 kwa 35 kwa 40 linatoa lita 112, na ukitoa mchanga na mawe una lita 95 hadi 100 za kweli. Watu wanaotia dozi kwa ukubwa ulioandikwa kwenye boksi huwa wanazidisha kila mara.

Kwa DTPA, tia miligramu 0.1 kwa lita mara tatu kwa wiki, yaani mililita 10 za maji ya dozi kwa tangi la lita 100, kwa bomba la sindano la duka la dawa. Kila wiki badilisha nusu ya maji. Faida ya kubadilisha nusu ni kwamba unajua mwisho wa mrundikano: hata mimea isinyonye chochote, kiasi hakiwezi kuzidi mara mbili ya unachotia kwa wiki. Hapa ni 0.3 kwa wiki, kwa hiyo kikomo ni 0.6, na humo samaki hawana wasiwasi. Ukibadilisha robo tu, kikomo kinakwenda mara nne, yaani 1.2, na hapo ni vizuri kupunguza dozi.

pH ikiwa juu ya 7.8, DTPA peke yake inaanza kuchechemea. Fanya chupa ya pili ya EDDHA, na katika kila dozi ya mililita 10 weka mililita 8 za DTPA na 2 za EDDHA. Kiasi hicho kidogo cha EDDHA kinabaki majini wiki nzima kama akiba, na rangi ya waridi ni ndogo mno kuonekana, isipokuwa ukitazama tangi kwa ubavu wake mrefu dhidi ya ukuta mweupe. Ukiiona, punguza hadi mililita 1.

Saa ya kutia ina maana yake. Usiku mimea na samaki wanatoa kaboni dayoksaidi na pH inashuka. Mchana mimea inaimaliza na pH inapanda, wakati mwingine kwa zaidi ya 0.5. Chuma kiingie asubuhi kabla ya taa, wakati pH iko chini kabisa, mimea ikiamka ikikute. Mbolea ya fosfati itie jioni, au siku zile ambazo hutii chuma.

Siku ya kubadilisha maji, toa klorini kwanza kwa tayosalfeti, subiri, kisha tia chuma. Na ndani ya filta usiwe na makaa ya kuchujia: yanakamata vileti na kuviondoa vyote, ukawa unalisha makaa. Taa ya mionzi ya kuua vijidudu nayo inavunja kileti kilichopita mbele yake, basi izime siku ya dozi.

Kuna wanaoshusha pH kwa siki au maji ya ndimu. Msifanye. Kaboneti iliyomo inakula asidi hiyo yote, pH inashuka kwa saa chache kisha inarudi juu, na samaki wanapanda na kushuka nayo. Njia inayoshusha ugumu wenyewe ni kuchanganya maji ya mvua. Nusu kwa nusu na maji ya kisima, ugumu unapungua kwa nusu. Watu wa visiwa vya Lamu wanajua kukinga mvua tangu enzi za mababu. Majabia, yale matangi ya kuhifadhia maji ya mvua, yapo hadi leo. Ila jabia limepakwa chokaa, na dari bapa za nyumba za kale vile vile, kwa hiyo maji yake pia huchukua chokaa kidogo. Pima kwanza. Maji ya bati jipya yana zinki, na ya makuti yana rangi ya chai, ambayo haina neno na hata inasaidia kushika chuma. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite, imeosha vumbi na chumvi ya bahari.

Mwenye kutia kaboni dayoksaidi, hata ile ya sukari na hamira kwenye chupa, ana nafuu kubwa. Maji yenye ugumu wa kaboneti wa digrii 10 yakiwa na miligramu 30 za gesi hiyo kwa lita, pH inakuwa 7.0 hivi, na hapo DTPA inatulia vizuri kabisa.

Kusoma jani kabla ya kulaumu chuma

Njano si moja. Shika tawi la ludwigia au haigrofila, litazame kutoka ncha kwenda chini. Upungufu wa chuma unaanzia kileleni: majani mawili matatu ya juu kabisa yamepauka, lakini mishipa yake imebaki kijani, kama ramani ya mito kwenye karatasi ya njano. Likizidi, jani linalochipuka linatoka jeupe kabisa, dogo, na laini kama tishu. Majani ya chini yako kijani kama kawaida. Sababu ni kwamba mmea hauwezi kukihamisha chuma kutoka jani la zamani kwenda jipya, kilichokaa kimekaa.

Njano ikianzia majani ya chini, chuma hakihusiki. Jani zee lililopauka lote ni naitrojeni. Jani zee lenye vitundu vidogo vinavyopanuka, kingo za njano, ni potasiamu. Jani zee lenye mishipa ya kijani na katikati manjano ni magnesiamu, na hii inadanganya wengi kwa sababu inafanana na chuma, tofauti ni mahali tu kwenye tawi. Majani machanga yaliyopinda na kukunjamana bila kupauka yanaelekeza kwingine tena, kwenye kalisi au boroni, na kalisi kwenye maji yetu ni nadra ipungue. Manganizi ndiyo inayokaribiana na chuma hadi kushindwa kutofautisha kwa macho, ndiyo maana mchanganyiko wa madini madogo, wenye chuma na manganizi pamoja, mara nyingi unafaa kuliko chuma kitupu.

Mimea inayoelea ni shahidi mzuri. Haikosi mwanga wala hewa, basi ikipauka majani machanga huku ikiwa na naitrati ya kutosha, chuma kimeisha majini. Anubiasi na feni ya Java zinakua polepole mno, usizitumie kama kipimo.

Ukianza dozi, usitazame majani yaliyokwisha kuwa meupe. Mengine yatarudisha kijani nusu, mengi hayatarudi. Tazama yanayochipuka baada ya siku 7 hadi 10. Yakitoka kijani, baki na dozi hiyo hiyo. Yasipobadilika baada ya wiki tatu, usiongeze dozi mara mbili, badilisha kileti.

Vipimo vya matone vya chuma vipo, na vinafaa kwa kiasi. Kasoro ni kwamba dawa ya kipimo lazima imnyang'anye kileti chuma chake kabla ya kutoa rangi. Kwa glukonati ni papo hapo. Kwa DTPA huenda ukangoja nusu saa au zaidi, na kwa EDDHA kipimo kinaweza kusoma sifuri wakati chuma kipo tele. Anayefuata namba ya kipimo bila kujua hili anaishia kutia na kutia.

Chini ya mchanga

Mimea yenye mizizi mikubwa, kama panga la Amazoni, kriptokorini na yungiyungi, haina haja ya kungoja kilicho majini. Huko chini ya mchanga, sentimita chache tu, oksijeni inaisha na kutu inarudi kuwa Fe2+. Udongo mwekundu wa upande wa Magarini ni mwekundu kwa sababu ya chuma, na kwenye giza hilo la mchanga mizizi inakipata. Watengenezaji wa Ujerumani miaka ya 1980 waliuza udongo wa namna hii kwa bei ya dhahabu. Wetu ni wa bure, mradi usichimbe mahali pa hifadhi kama Marafa, wala shamba lililonyunyiziwa dawa.

Chukua udongo wa mfinyanzi wa kina cha jembe moja, ukaushe, uponde, uchunge. Dondoshea siki: ukitoa povu una chokaa, tafuta mwingine. Jaribio hilo hilo lifanyie mchanga wa tangi na mawe ya mapambo, kwa maana tumbawe moja zuri lililookotwa ufukweni linaweza kuharibu kazi yote ya maji ya mvua. Kwa gramu 100 za udongo mkavu changanya gramu 1 ya Fe-DTPA, kanda kwa maji kidogo, tengeneza vidonge 20 vyenye ukubwa wa gololi, vianike kivulini siku mbili. Kila kimoja kinabeba kama miligramu 5.5 za chuma cha kileti, basi hata kimoja kikipasuka na kumwagika chote kwenye lita 100 unaongeza 0.055 tu. Vididimize sentimita 5 chini, viwili au vitatu kuzunguka panga la Amazoni, kimoja kwa kila kriptokorini. Rudia baada ya miezi mitatu minne. Usiung'oe mmea baada ya hapo, utapandisha tope jekundu litakalokaa siku mbili.

Mchanga ukizidi kina na ukawa mweusi, ukitoa mapovu yenye harufu ya yai viza, toboa taratibu kwa kijiti, kidogo kila wiki. Konokono wa kufukua mchangani wanaifanya kazi hiyo bila mshahara.

Mengine yanayoharibika

Mwani wa nyuzi ukijitokeza, watu wanalaumu chuma mara moja. Chuma kinaulisha kweli, lakini mara nyingi kilichouamsha ni taa inayowaka kwa muda wa saa 10 au 12 kwa siku. Punguza hadi saa 6 au 7, zuia jua la dirishani, ng'oa nyuzi kwa mswaki, na dozi ipunguze nusu hadi mimea itangulie. Kuacha chuma kabisa kunadhoofisha mimea na kuuachia mwani uwanja.

Utando wa kahawia kwenye kioo siku moja baada ya dozi unakwambia kileti kimeshindwa na pH. Utando wa kahawia unaokua polepole kwenye tangi jipya ni diatomu, aina ya mwani mdogo sana, na unaisha wenyewe.

Waangalifu zaidi wawe wenye kamba wadogo. Mchanganyiko wa madini madogo wa wakulima unakuwa na shaba ndani yake. Soma asilimia ya shaba, na kwa tangi la kamba anza na robo ya dozi. Chuma kitupu cha DTPA ndicho salama zaidi kwao. Samaki wa maji magumu, kina gapi, plati na moli, hawasumbuki na dozi zilizotajwa hapa. Katika nyumba za kale za Lamu, birika la chooni lilikuwa na samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na bakuli la kauri sakafuni ili wasikaukiwe maji yakipungua. Maji yale magumu hayakuwaua.

Chupa ya chuma na pakiti ya unga viwekwe juu, mbali na watoto. Chuma kingi kinaua mtoto mdogo, na maji ya dozi yana rangi ya soda.

EDDHA itakayobaki, kwa maana pakiti moja inazidi mahitaji ya tangi kwa miaka, upeleke kwa mndimu wa uani uliopauka majani ya juu. Ugonjwa ni ule ule, chokaa ni ile ile: gramu 15 au 20 kwa mti mchanga, ziyeyushe kwenye ndoo ya maji, mwaga kuzunguka mizizi jioni, na funika kwa udongo ili jua lisiivunje.